Video iko chumba cha uani, TV iko sebuleni: ununue nini kwanza

Mama huangalia video ya sendofu ya dada yangu karibu kila mwezi. Haiangalii yote. Anataka dakika ya arobaini na kitu, pale bibi anapopewa maikrofoni, anaisogeza karibu mno na mdomo, anasema maneno mawili ya baraka, halafu anacheka na kujifunika uso kwa ncha ya khanga. Bibi ametangulia mbele ya haki. Kicheko kile kimo kwenye faili moja la gigabaiti 9, faili limo kwenye kompyuta chumba cha uani, na TV iko sebuleni, kuta tatu katikati.

Siku ya kwanza nilipojaribu kumrushia kwa waifai, picha iliganda maikrofoni ikiwa bado hewani. Kiduara kikazunguka, sauti ikaja, picha ikaruka, bibi akawa ameshakaa. "Rudisha nyuma kidogo, mwanangu," mama akasema. Nikarudisha. Ikaganda palepale. Tangu siku ile nimenunua, nimeazima na nimerudisha vifaa vya kila aina, na ninavipanga hapa kwa vipimo vitatu: video ipite bila kukwama, mama aweze kuiwasha kwa rimoti peke yake, na isihitaji intaneti.

Hicho kipimo cha tatu nikieleze mapema, maana swali la bando ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Video ikitoka kwenye kompyuta yako kwenda kwenye TV yako, haili bando. Inatoka kwenye kompyuta, inaingia kwenye ruta, inatoka kwenye ruta, inaingia kwenye TV; haijavuka geti. Hata ukichomoa laini ya simu kwenye ruta, video itaendelea. Bando huliwa ukiipakia video YouTube kisha ukaitazama kutoka huko: hapo unalipa kuipandisha, na unalipa tena kila unapoiangalia.

Lijue faili lako kabla ya kutoa hela

Bofya faili, angalia ukubwa wake na urefu wake. Langu ni gigabaiti 9 kwa saa moja na nusu. Ukigawanya unapata kama megabiti 13 kwa kila sekunde. Hiyo ndiyo njia unayotakiwa kuitengeneza: megabiti 13, sekunde zote, bila pengo. Video ya HD kamili kutoka kamera nzuri ya zamani inafika 24 au zaidi, na ya 4K inaweza kupita 50. Watu hupima kasi ya waifai, wanaona 40, wanafurahi, halafu video inakwama. Sababu ni kwamba hiyo 40 ni wastani. Mtu akipita na simu mlangoni, au jirani akiwasha ruta yake kwenye chaneli ileile, inashuka hadi 6 kwa sekunde kadhaa, na hizo sekunde ndizo zenye kicheko cha bibi.

Jambo la pili ni kodeki, yaani namna video ilivyobanwa. Mwombe mpiga video akupe MP4 ya H.264, sauti AAC. Karibu kila TV iliyotengenezwa miaka ya karibuni inaisoma. H.265 ni ndogo zaidi kwa ubora uleule, lakini TV za zamani zinaikataa. Na usichukue mafaili mabichi ya kamera ukadhani yatacheza: kamera nyingi za sasa zinarekodi biti 10 za 4:2:2, yaani rangi nyingi kuliko TV nyingi zinavyoweza kusoma, na hizo zitakuonyesha weusi mtupu. Ikiwa tayari unalo faili la namna hiyo, programu ya HandBrake ni ya bure, inabadilisha. Iache ifanye kazi usiku.

Nafasi ya kwanza: waya wa mtandao

Najua hakuna anayependa kusikia habari za waya. Lakini waya mmoja wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya TV umemaliza matatizo kuliko vifaa vyote nilivyonunua. Waya wa Cat5e au Cat6 unabeba gigabiti moja hadi mita 100. Tundu la mtandao kwenye TV nyingi ni la megabiti 100 tu, na wapo wanaolidharau kwa sababu waifai ya TV hiyohiyo imeandikwa namba kubwa zaidi. Usiwafuate. Mia moja isiyotikisika inatosha HD mara nne, na inatosha sehemu kubwa ya 4K za nyumbani.

Dukani shika waya mkononi usome maandishi ya kwenye ganda. Ukiona CCA, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha, omba ya shaba tupu. Ile ya aluminiamu ni nyepesi, inakatika ikikunjwa kwenye kona, na kwa umbali mrefu inakuangusha. Nyumba yetu ilihitaji mita 25. Fundi aliupitisha juu ya dari, akatoboa tundu moja kwenye ukuta wa sebule nyuma ya kabati. Alitaka kuusukuma ndani ya bomba moja na nyaya za umeme kwa kuwa lilikuwa na nafasi. Mkatalie. Waya wa mtandao uwe na njia yake, kwa usalama na kwa utulivu wa mawimbi.

Ruta nyingi za laini ya simu zina tundu moja au mawili tu ya waya. Kama hayatoshi, nunua swichi ndogo ya matundu matano. Haina mipangilio yoyote, chomeka tu.

Upande wa kompyuta, weka Jellyfin, programu inayopanga video zako kama maktaba na kuzipeleka kwenye TV. Ni ya bure kabisa, ilizaliwa Desemba 2018 baada ya Emby, programu nyingine ya aina hiyo, kufunga msimbo wake, na kinachonifanya niipende ni kwamba haikuombi akaunti ya mtu yeyote. Bando likiisha, maktaba yako bado inafunguka. Plex, mwenzake wa kazi ileile, ni nzuri kwa sura na ina programu kwenye karibu kila TV, na ndani ya nyumba bado ni bure. Tangu Aprili 2025 inatoza kuangalia ukiwa nje. Lakini inataka uingie kwa akaunti ya mtandaoni, na hilo limewahi kutuacha sebuleni tukitazama ukurasa wa kuingia siku intaneti ilipokatika.

Laptopu ya zamani inatosha kuwa ghala, mradi TV inasoma faili kama lilivyo. TV isipolisoma, Jellyfin italibadilisha papo hapo, na laptopu ya miaka kumi itachemka na kukwama. Ndiyo maana nilisema kuhusu H.264 mapema. Nenda kwenye mipangilio ya umeme uiambie isilale ukifunga kifuniko. Pia laptopu yenye betri nzima ina faida ambayo kompyuta ya mezani haina: umeme ukikatika ghafla haizimiki katikati ya kuandika diski.

Sasa TV yenyewe. Kama ni ya Android au ya LG, tafuta programu ya Jellyfin au ya VLC (ya kuchezea video) kwenye duka lake kabla ya kununua chochote. Kama ni ya zamani, au inajikokota, ndipo ununue kiboksi kidogo cha kuchomeka kwenye TV. Google TV Streamer, iliyochukua nafasi ya Chromecast mwaka 2024, ina tundu la waya. Apple TV 4K ya 2022 ina tundu hilo kwenye toleo la gigabaiti 128 tu. Xiaomi TV Box S ya kizazi cha pili haina. Itakubidi ununue adapta ndogo ya USB, na hata hivyo inafaa, kwetu ndiyo iliyopo.

Hapa nakusihi uwe makini. Mtaani kuna viboksi vya Android visivyo na jina la maana, vinavyouzwa kwa ahadi ya kufungua chaneli zote bure. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo la wazi kuhusu mtandao wa wahalifu unaoitwa BADBOX 2.0, unaotumia vifaa vya aina hiyo, vingine vikiwa vimeshaambukizwa kabla hata ya kufika kwa mnunuzi. Kifaa kama hicho ukikiweka nyumbani kinakaa kwenye ruta moja na simu unayofanyia miamala. Kabla ya kulipa, omba kiwashwe, ingia Play Store, fungua mipangilio, tafuta mstari unaosema kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Hakuna mstari, hakuna biashara, hata kiwe rahisi vipi.

Nafasi ya pili: flashi, au diski ya nje

Nimeiweka juu hivi kwa makusudi. Kwa mtu mwenye video tano za familia anazoziangalia mara chache, hakuna sababu ya kutoboa dari. Nakili, tembea, chomeka nyuma ya TV. Haina ruta wala programu, na haikwami.

Inakwama sehemu moja tu, na wengi hawajui. Flashi nyingi zinakuja zikiwa zimefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Kompyuta itakwambia faili ni kubwa mno wakati flashi ya 64 iko tupu. Watu wamerudisha flashi nzima dukani kwa ajili ya hilo. Ifomati upya kwa exFAT au NTFS, lakini kwanza jaribu TV yako inasoma ipi, kwa sababu za zamani zinaweza kuikataa exFAT.

Na flashi isiwe ndiyo nakala pekee. Inapotea, inafuliwa ndani ya suruali, inakufa bila kuaga. Video ya marehemu ikae sehemu mbili angalau.

Nafasi ya tatu: kiboksi kilekile, kwa waifai

Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta hii inakubalika. Tumia mawimbi ya gigahezi 5 kama TV iko chumba kinachofuata. Yale ya 2.4 yanapenya ukuta vizuri zaidi, lakini yana chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na kwenye nyumba za kupanga kila mlango una ruta yake. Kuta za tofali za saruji zikiwa mbili au tatu, gigahezi 5 zinafika zikiwa hoi.

Jambo moja linalosaidia kuliko kubadilisha ruta: iunganishe kompyuta kwenye ruta kwa waya, hata wa mita moja, ubakize TV peke yake hewani. Vyote viwili vikiwa kwenye waifai, kila kipande cha video kinasafiri hewani mara mbili, na kasi yako inagawanyika.

Nafasi ya nne: HDMI ndefu

Picha ni safi kabisa. Shida ni nyingine. Kebo ya kawaida ya HDMI huanza kusumbua ikipita mita 10 hivi, na zaidi ya hapo utahitaji ya nyuzi za mwanga, ambayo ina upande wa kompyuta na upande wa TV. Ukiigeuza haionyeshi kitu. Zipo pia adapta zinazopitisha HDMI kwenye waya wa Cat6. Ila ukishaupitisha huo waya, kwa nini usiutumie kwa mtandao? Tena rimoti haisaidii hapa. Mama akitaka kurudisha nyuma lazima mtu akimbie uani kubofya. Nunua hii kama kompyuta iko ukuta wa pili tu.

Nafasi ya tano: adapta za nyaya za umeme

Unachomeka moja soketi ya uani, nyingine soketi ya sebuleni, mtandao unapita kwenye nyaya za umeme za nyumba. Nilizipenda sana kwa wiki moja. Friji ilipokuwa ikiwaka, kasi ilishuka. Nyumba ikiwa na fezi tatu na soketi hizo mbili ziko fezi tofauti, zinaweza zisionane kabisa. Usizichomeke kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, kwa sababu kinga hiyo huchuja mawimbi yake. Azima kwanza ujaribu. Muuzaji akikataa kurudishiwa, achana nazo.

Nafasi ya mwisho: kurusha skrini ya simu

Simu inabana picha upya papo hapo kabla ya kuirusha, kwa hiyo HD uliyokuwa nayo unaipoteza njiani. Inachemka, inakula chaji, na mtu akikupigia katikati ya baraka za bibi, sebule nzima inaona anayepiga. Ni nzuri kwa picha za mgeni aliyekuja na simu yake jioni moja.

Ukienda dukani, Kariakoo au kwingine, beba faili lako halisi kwenye flashi, siyo video ya majaribio waliyonayo wao. Mwambie muuzaji akichomeke kiboksi, chagua dakika unayoipenda, halafu rudisha nyuma mara tatu mfululizo. Kiboksi dhaifu hujulikana hapo: kinacheza vizuri mbele, kikirudishwa kinakwama au sauti inaachana na midomo. Niliponunua cha kwetu nilisimama kaunta nikirudisha dakika ya arobaini na kitu, maikrofoni, maneno mawili, khanga, mara tatu, na kila mara bibi alicheka wakati wake.