Nimebadilisha hadi diski (hard disk) na ramu Kariakoo bila kupigwa windo mpya (kuwekewa Windows upya), uzoefu wangu

Nina laptopu HP EliteBook 840 G1, niliichukua used, ramu 4GB na hadi diski ya 500GB ile ya kuzunguka. Nina stationari Sinza kwa hiyo hiyo mashine ndo ofisi yenyewe, kadi za harusi, kadi za michango, risala, CV za watu, fonti nilizokusanya moja moja, na programu ya stoku niliyouziwa na jamaa mmoja. Asubuhi nikiiwasha nafagia, natoa vitu nje, napanga, narudi bado vile vidoti vinazunguka. Mteja anataka kuprinti karatasi moja tu, unamwambia nisubiri kidogo mama, ukigeuka yupo duka la jirani.

Fundi wa kwanza yuko mtaani kwetu, hata hakuifungua, kasikiliza kidogo akasema hiyo inataka kupigwa windo tu, niachie mpaka jioni, elfu 15. Nikamuuliza na vitu vyangu? Akasema mafaili atanihamishia kwenye D, ile sehemu nyingine ya diski hiyohiyo. Na programu? Hizo utaweka upya mwenyewe. Aisee hapo nikafunga begi langu, maana 2021 nilishapigwa windo mpya, mashine ikarudi safiii, dokumenti zote zipo ila fonti hata moja hamna, nikifungua kadi ya mteja jina la bibi harusi limegeuka maandishi ya barua ya serikali. Sikutaka tena.

Jumatatu nikatoka mpaka Shekilango, nikadaka mwendokasi mpaka Msimbazi, nikazunguka zunguka nikaelekezwa kwa dogo mmoja ana kameza ndani ya korido. Huyu alinifurahisha kwanza kwa maswali. Umejaza kiasi gani? Programu gani hutaki ipotee? BitLocker imewashwa? (mi hata nilikuwa sijui ni nini, kumbe ni ule ufunguo wa kufunga diski nzima, na kama umewashwa na namba zake huna unaweza kujifungia nje, kwangu ilikuwa off). Halafu akaweka kale kaprogramu ka CrystalDiskInfo, kakatoa rangi ya njano, Caution. Akanionesha, kuna sekta, vile vipande vya diski vinavyotunza data, zimeshaanza kufa. Yaani tatizo halikuwa windo hata kidogo, hadi diski yenyewe ilikuwa inaaga, na yule wa elfu 15 angeniwekea windo mpya juu ya diski inayokufa.

Nikakubali SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, hapo ndo nikakosea kidogo. Kulikuwa na ya 480GB kwa elfu 95 na ya 512GB kwa elfu 110, nikachukua ya 480 nikijua nimebana hela, si nimejaza kama 300 tu. Dogo akachomeka SSD kwa nje na waya wa USB, akawasha programu ya kukloni, yaani kunakili diski nzima kama ilivyo, ikagoma. Kumbe ukikloni diski nzima haiangalii umejaza kiasi gani tu, inaangalia na ile patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) yenyewe ina ukubwa gani, na 500 kwenye windo inasomeka 465, ya 480 inasomeka 447, haiingii. Ikabidi aipunguze C, patisheni yenye windo, kwanza, nayo ikawa inakubali kupungua GB chache tu kwa sababu kuna mafaili ya windo yamekaa katikati hayataki kusogea, lile la kulaza mashine na lile la kusaidia ramu. Akayazima, akarestati, akapunguza tena ikakubali. Saa nzima imeenda hapo, kwa sababu ya elfu 15 niliyobana. Mwenye diski ya 500 chukua 512 moja kwa moja.

Kukloni kwenyewe kulichukua kama masaa mawili, ikifika kwenye zile sekta mbovu inasimama unahisi imekufa kabisa halafu inaendelea. Nilikaa pale pale kwenye stuli, nikala chips mayai, sikuondoka, sio kwamba simwamini mtu ila kwenye ile mashine kuna kopi za vitambulisho vya NIDA za nusu ya Sinza.

Ramu nilitaka kununua kwa jirani yake, jamaa ananipa DDR4 anasema inakaa hii braza. Dogo akacheka, mashine hii inatumia DDR3L, ile ya volti 1.35, na DDR4 hata ile pengo yake haiko sehemu moja, haiingii labda upige nyundo. Nikachukua 8GB elfu 40, ikakaa pamoja na ile 4 ya zamani, sa hivi inasoma 12. Mfuniko wa chini wa hii mashine unasukuma kitasa tu unateleza, ni raha kwa mafundi.

Kabla ya kuwasha akatoa diski ya zamani kabisa, akasema hizi mbili sasa ni mapacha, zina namba ileile, ukiwasha zote zimechomekwa windo inachanganyikiwa. Akawasha. Sekunde 20 hivi. Deskitopu yangu ileile, picha ya mwanangu ileile, hadi zile shotikati nilizopanga vibaya zipo vilevile. Windo haikudai chochote, leseni yake inashikilia ubao mama sio diski. Fonti zote zipo, nilifungua kadi tatu za wateja pale pale kuhakikisha.

Kilichonikera ni programu ya stoku. Ilifunguka ikadai kodi mpya (namba za siri za kuifungulia), maana inasoma ile namba ya kiwandani ya hadi diski, hiyo haikloniki, na diski imebadilika. Nikampigia aliyeniuzia, akataka elfu 20 kunitumia kodi nyingine, kitu changu nilichokinunua mwenyewe. Data hazikupotea lakini siku mbili niliandika mauzo kwenye daftari. Kama una programu ya namna hiyo mpigie mwenyewe kabla hujaenda kwa fundi.

Na dogo naye nimpunguzie nyota moja hapa, alitaka nimwachie ile diski ya zamani anikate elfu 10 kwenye ufundi wa elfu 30. Nikakataa, kila kitu changu kimo mle. Ipo nyumbani kwenye droo imezungushiwa seloteipu. Hakubisha, ila angeniambia kwanza kwamba ataifuta.

Nilimuuliza na Windows 11, akasema prosesa hii ni ya kizazi cha 4, Microsoft wanataka kuanzia cha 8 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo nabaki na 10 ambayo sapoti yake ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025. Ndo maana mambo ya benki nafanya kwenye simu.

Jumla 165,000, ukiweka na ile kodi 185,000. Betri ndo bado ileile, umeme ukikatika nina dakika 40.