Uzoefu wangu: fleti ndani ya nyumba ya Regency, Brunswick Square, Hove

Nyota nne. Ya tano imeliwa na baridi, na nitaeleza.

Nimepanga ghorofa ya kwanza ya nyumba ya safu pale Brunswick Square, Hove, kusini mwa Uingereza, msimu mzima wa baridi. Sebule ndiyo utakayoilipia: dari liko juu kabisa, madirisha yanaanzia karibu na sakafu, na ukuta wa mbele umebinuka kwa nje, kiasi kwamba ukikaa dirisha la pembeni unaiona bahari. Haikutokea kwa bahati. Msanifu Charles Busby aliuchora mtaa huu katikati ya miaka ya 1820 kwenye shamba la mchungaji Thomas Scutt. Uwanja aliuacha wazi upande wa bahari, nyumba zikapanda mteremko pande zote, na kule kubinuka kunampa hata jirani wa juu kabisa kipande chake cha maji. Busby mwenyewe maskini alifilisika 1833, akafa mwaka uliofuata.

Kwa kalenda, enzi ya Regency ni 1811 hadi 1820, mwanamfalme George alipotawala Uingereza kwa niaba ya baba yake mgonjwa. Nyumba hizi zimekuja baadaye kidogo, ila mtindo ni ule ule, na matajiri walizifuata kwa sababu George alikuwa na kasri lake hapo jirani, Brighton.

Sasa ukuta, maana hapo ndipo mpangaji anapouziwa mbuzi kwenye gunia. Ukiwa barabarani utaapa ni mawe ya kuchonga. Sogea ugonge: ni plasta iliyochorwa mistari. Na nyuma ya plasta, nyumba nyingi za enzi hiyo huku zina kitu wenyeji wanakiita bungaroosh, yaani vipande vya matofali, mawe ya gumegume, kokoto na chokaa, vyote vimemwagwa kati ya mbao vikaachwa vigande. Sisi tuliokulia Unguja hatushangai sana, kuta za Mji Mkongwe nazo ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ugonjwa wake ni huo huo: ukuta wa chokaa lazima upumue. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani na chokaa inalainika. Chumbani kwangu kuna fundi aliyewahi kuziba ufa kando ya dirisha kwa saruji. Pale pana duara la kahawia, rangi inabanduka, na ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe wa chumvi. Mwenye nyumba alipaka rangi juu yake kabla sijahamia. Baada ya mvua ya kwanza duara likarudi.

Madirisha ni ya fremu za kupandisha na kushusha, zinazoning'inia kwa kamba na vyuma vizito vilivyofichwa ndani ya ukuta. Upepo wa bahari ukivuma usiku, vile vyuma vinagonga mbao. Kioo ni cha tabaka moja tu. Nyumba iko daraja la kwanza la ulinzi wa majengo ya kihistoria, daraja la juu kabisa Uingereza, na kubadilisha dirisha bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1990. Kwa hiyo usimlaumu mwenye nyumba kwa kutoweka vioo vya tabaka mbili. Mlaumu kwa kutoomba kibali cha kioo cha ndani, kile kinachofungwa nyuma ya dirisha la zamani bila kuligusa, ambacho mara nyingi hukubaliwa. Kilichoniokoa ni vifuniko vya mbao vya tangu zamani, vinavyokunjuka kutoka kwenye masanduku yaliyo pembeni mwa dirisha. Vifunge jua linapozama, utaiona tofauti kwenye bili ya gesi.

Kabla ya kusaini uliza pia gharama za pamoja. Nyuso za nyumba hizi zote ni rangi moja ya maziwa, na wenye nyumba wanabanwa na sheria kuzipaka upya kila miaka 5. Wako wanaolalamika. Mimi sioni tabu, kwa sababu mwaka 1945 halmashauri ya Hove ilikuwa na mpango wa kubomoa mtaa huu ijenge fleti za kisasa, na waliopinga ndio walioanzisha chama cha Regency Society. Bila ubishi wao nisingekuwa na cha kuandika.

Wakala atakuonyesha pia fleti za chini ya usawa wa barabara, kwa bei laini. Kabla ya kujibu, omba kutembelea namba 13, inayokarabatiwa kuwa makumbusho, na chini ya namba 10, ambako jiko la watumishi bado lipo. Mgawanyo unaonekana wazi: chini kazi, ghorofa ya kwanza wageni, juu zaidi vyumba vya kulala, na madirisha yanapungua kimo kila unapopanda. Chini mwanga ni haba na unyevu haukauki. Watumishi hawakupewa nafasi ya kuchagua, wewe unayo.