Uzoefu wangu: wiki moja Mombasa na watoto watatu, na vile nilisahau kuuliza maji

Tulishuka Miritini, stesheni ya treni ya Mombasa, Jumamosi saa tatu na kitu usiku, na kitu cha kwanza kitinda mimba wangu aliona si mnazi wala bahari, ni mwezi, umejaa duara zima, akasema mama ona taa. Nikamwambia ndio huo ni mwezi, haya beba kibegi chako teksi inangoja. Kumbe mwezi wenyewe ulikuwa unaniambia ratiba yangu ya wiki nzima imekaa upande, mimi niko bize kuhesabu mabegi.

Tulikuwa wanne, mimi na kifungua mimba wa miaka 11, wa kati 7, na huyu wa mwisho miaka 4 ambaye akichoka bado anataka kubebwa. Ilikuwa likizo ya Disemba. Tulitoka Nakuru tukapanda treni ya Madaraka Express Nairobi ile ya saa tisa alasiri, na tukafikia kwa mama mdogo Kisauni, kwa hivyo mambo ya hoteli sina cha kusema hapa. Kila kitu nilikuwa nishapanga kwa simu nikiwa nyumbani: Jumatatu ufuo, Jumanne Haller Park, Jumatano mjini, Alhamisi kupumzika, Ijumaa boti ya kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite na kisiwa cha Wasini ambayo nilikuwa nishalipia nusu. Nikajiona mjanja bana.

Jumatatu basi tukaenda Pirates, ile Jomo Kenyatta Public Beach pale Bamburi, tukafika kama saa tano asubuhi, watoto wamevaa nguo za kuogelea tangu nyumbani na mmoja ameshajipulizia boya kwenye matatu. Bahari haipo. Sisemi imechafuka, haipo, imerudi nyuma huko mbali kwa mwamba ikaacha mchanga, majani na vidimbwi vya kufika kifundo cha mguu, na mawimbi unayasikia kwa mbali kama mtu anafagia nyumba ya jirani. Kifungua mimba hakusema kitu, aliniangalia tu, na nyinyi wazazi mnajua kuangaliwa na mtoto wa miaka 11.

Tungerudi nyumbani kama si huyu mdogo kuchuchumaa kwenye kidimbwi na kukataa kutoka. Ameona kiti cha pweza, yaani samaki nyota, chekundu, kikubwa kuliko kiganja chake. Halafu wa kati akaona kitu kama soseji nyeusi imelala mchangani, akauliza ni nini, na kijana mmoja aliyekuwa anapita na ngamia akamjibu bila kusimama, hiyo ni jongoo bahari, muache apumzike. Tulikaa pale saa mbili nzima. Ushauri tu, valisha watoto ndala au viatu vya plastiki maana kuna wale wenye miiba myeusi mirefu wamejificha kwenye mawe, na ukikanyaga huyo siku imeisha. Na msiokote vitu mkaenda navyo, tazameni mrudishe.

Jioni nikimlalamikia mama mdogo akacheka mpaka akashika mlango. "Mwanangu, kwani hukutazama maji? Hii ni bamvua. Mwezi umejaa juzi." Akanieleza huku anakuna nazi, kwamba mwezi ukijaa au ukiwa mchanga maji hujaa mpaka mwisho na hupwa mpaka mwisho, na siku za bamvua kwa huku Mombasa kupwa kunaangukia asubuhi hiyo ya saa nne saa tano, halafu kila siku inasogea mbele karibu dakika 50, inasogea inasogea mpaka mwezi unafika nusu, hapo ni maji mafu, hayaendi mbali hayarudi mbali. Nikaitikia ndio mama, ndio mama, kama mwanafunzi aliye nyuma ya darasa. Sikufikiria Ijumaa hata kidogo.

Haller Park sasa. Hapa nitakaa kidogo manake hii ndiyo ningemshauri mtu yeyote mwenye watoto aanze nayo. Kutoka Kisauni ni matatu moja tu barabara ya Malindi, unashukia getini. Zamani ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha simenti cha Bamburi, shimo tupu jeupe, mpaka 1971 mtaalamu mmoja wa kilimo Mswisi, René Haller, alipoanza kupanda miti. Miti mingi ilikufa, mivinje ikashika. Shida ikawa majani ya mivinje yanaanguka na hayaozi, yanarundikana tu juu ya jiwe, kwa hivyo udongo hautengenezeki, na dawa yake ikawa kuleta jongoo. Jongoo wa kawaida, wale weusi wa miguu mingi myekundu! Wakala yale majani, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo huo ndio leo kuna msitu na twiga ndani. Mtembezaji alivyomaliza hiyo hadithi wanangu wakasahau viboko, wakashinda wameinama wakitafuta jongoo njiani, na walipompata mmoja huyu wa mwisho akapiga kelele "Madaraka Express!" na kusema kweli alifanana.

Wanyama wapo pia. Kulisha twiga kuna saa zake, uliza getini ukiingia ili usije ukawa uko upande wa mamba wakati wenzako wanalisha. Unapewa chakula mkononi, twiga anashusha ule ulimi mrefu wa rangi ya zambarau anakichukua, wa kati alicheka akalia akacheka tena. Kobe wakubwa wanatembea wenyewe njiani. Ndipo hapa alipoletwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini huko Malindi wakati wa tsunami ya Disemba 2004 akiwa hana mama, akaja akamng'ang'ania kobe dume mzee anayeitwa Mzee kama ndiye mzazi wake, wakawa wanalala pamoja. Kifungua mimba wangu ambaye siku hizi kila kitu ni cha kitoto alisoma bango lote. Njia ni tambarare na ina kivuli, mtoto wa miaka 4 anatembea, mbu wapo jioni basi pakeni dawa.

Jumatano Fort Jesus. Ni pazuri ila nenda saa mbili asubuhi, manake ikifika saa tano ule uwanja wa ndani ni kikaango. Mreno alianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi 1698, Mwingereza akaifanya jela, na ukimwambia mtoto wa miaka 7 neno jela amekuelewa tayari huna haja ya kuongeza. Mizinga na mifupa ya nyangumi ndivyo vilivyowashika, vyungu hawakuvitazama. Kibeba mtoto cha magurudumu acha nyumbani, ni ngazi na mawe tu, na Mji wa Kale vilevile.

Kutoka hapo tulichukua tuktuk mpaka Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, na hii kwangu ndiyo alasiri bora ya wiki. Hulipi kuingia. Unakaa chini ya mibuyu, unanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, viazi karai, madafu, na meli zinapita mlangoni pa bandari karibu hivi unaona kontena rangi rangi, watoto wangu wakaanza kushindana nani atahesabu nyingi, wakagombana, wakapatana, meli nyingine ikaja. Mimi miguu juu.

Haya, Ijumaa. Huyu mwenye boti simtaji jina, niseme tu nilimpata mtandaoni, mwenye picha ya familia imesimama kwenye kisiwa cha mchanga mweupe katikati ya bahari, maji ya kijani pande zote. Ile picha ndiyo niliyolipia. Gari lilitujia saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukavuka feri ya Likoni, Ukunda, Msambweni, pale Kanana ukaiacha barabara ya Lungalunga ukashuka mpaka Shimoni. Wa kati alitapika Ramisi, bebeni karatasi. Ada ya hifadhi ya Kisite inalipwa kwa eCitizen, keshi hawachukui, na mtandao pale gatini unasuasua, ningejua ningelipa usiku nikiwa nyumbani.

Botini laifujaketi zilikuwepo, ila zote za watu wazima. Nikauliza ya mtoto iko wapi nikaambiwa tutaikaza kamba. Waliikaza, na bado ukiinyanyua inapita kichwani mwake. Nikakaa na mtoto katikati ya miguu yangu njia nzima na majini hakuingia. Uliza hili kabla ya kutuma pesa, tena omba picha ya hiyo laifujaketi ndogo.

Pomboo tuliwaona, lile sitalikana, walitoka kama sita upande wa kulia wakawa wanakwenda sambamba na boti na hata huyu wa miaka 11 akasimama akapiga yowe. Tukafika Kisite kama saa nne na nusu. Maji mazuri, samaki wa njano na buluu chini wanaonekana ukiwa umekaa tu. Nikamuuliza nahodha, mzee mmoja mpole sana wa Shimoni, kaka mchanga uko wapi ule wa kwenye picha.

Akaonyesha chini ya boti. "Uko hapa chini yetu, mama. Saa hii maji bado. Ungekuja Jumatatu ungetembea."

Jumatatu! Siku ambayo saa tano asubuhi nilikuwa nimesimama Pirates na maboya mkononi nikiitafuta bahari. Ningebadilisha zile siku mbili tu, Jumatatu Kisite mchanga uko nje, Ijumaa asubuhi Pirates maji yamejaa, nisingelipa shilingi ya ziada. Na yule aliyenichagulia tarehe anajua haya yote, ni kazi yake. Nilimpigia jioni, akanijibu bahari ni ya Mungu. Sawa, lakini picha ni ya kwako.

Wasini yenyewe haikuwa na kosa. Hakuna gari, watoto wanakimbia ovyo bila wewe kushtuka. Tulikula kaa, wali wa nazi na mwani wa kukaanga ambao mdogo aliupenda nikashangaa, halafu tukaenda ile njia ya mbao ya kikundi cha akina mama wa kisiwa, inapita juu ya matumbawe makuukuu na mikoko, fupi tu, pesa yake kidogo na inabaki kijijini. Lile pango la watumwa Shimoni niliingia na mkubwa peke yake. Kuna popo, na mambo anayoelezwa mtu mle ndani si ya miaka 4.

Kwa hivyo boti naipa tatu kwa tano, zote tatu ni za nahodha na pomboo. Na msimu wa kusi, Aprili hadi kama Septemba, mimi na watoto wadogo nisingeenda kabisa, bahari inakuwa na hasira.

Jumamosi treni ilikuwa saa tisa alasiri. Safari hii nilimuuliza mama mdogo usiku kabla sijalala, maji saa ngapi? Akatoka nje, akauangalia mwezi uliobaki kama kipande cha tikiti, akahesabu kwa vidole. "Saa tatu wapeleke, saa tano na nusu uwatoe." Tukafika Pirates saa tatu, bahari imekuja mpaka karibu na miguu ya ngamia, wakaogelea wote watatu bila mtu kuniangalia vibaya, na Miritini tukaingia na nywele za chumvi, mlinzi akakagua begi la maboya akatikisa mchanga mikononi.