Spiriti ya kuyeyushia shelaki: kazi nzuri, chupa mbaya

Nimeitumia spiriti hii ya nusu lita kwa miaka mitatu katika karakana yangu ya samani mjini Mombasa, na kwa kazi yenyewe sina lalamiko: huyeyusha shelaki, malighafi ya vanishi ya mbao, kwa usiku mmoja, hukauka upesi juu ya mvule, wala haiachi mabaka.

Lalamiko langu liko kwenye chupa. Ni ya plastiki angavu, kifuniko chake ni cha kawaida kama cha maji ya kunywa, na onyo limechapishwa kwa Kiingereza pekee, kwa herufi ambazo siwezi kuzisoma bila miwani. Wapo watengenezaji wanaotia spiriti rangi ya zambarau ili mtu asiidhanie kuwa kitu kingine. Hii ni nyeupe kama maji.

Shemeji yangu, ambaye ulevi umemsumbua kwa muda mrefu, alikosa fedha za pombe Jumamosi moja, akachanganya zaidi ya nusu ya chupa hiyo na soda. Jumapili aliamka na kichwa kizito tu, akanywa chai, akatucheka kwa hofu yetu. Daktari alitueleza baadaye kwamba utulivu huo ndio unaowaponza wengi, kwa sababu spiriti ina ethanoli, kileo cha pombe ya kawaida, pamoja na methanoli, kileo chenye sumu, na ini huanza kuvunja ethanoli. Methanoli husubiri zamu yake, kisha hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, ambayo huijaza damu tindikali na kuharibu neva za macho. Alfajiri ya Jumatatu alikuwa akihema kama aliyepandishwa mlima mbio, akiuliza ni nani aliyetundika shuka mbele ya taa. Alitiwa baikaboneti, dawa ya kupunguza tindikali, kwenye mshipa, damu ikasafishwa kwa mashine ya figo, akapona. Gazeti hasomi tena.

Najua kosa la kwanza ni la mnywaji. Hata hivyo, mtengenezaji anayeuza bidhaa hii Kenya, ambako pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu Mei 2014, hawezi kudai kwamba hajui nani huinunua usiku.

Nyota mbili kati ya tano. Ninaendelea kuinunua kwa kuwa sijapata nyingine inayoyeyusha vizuri hivi, ila huimimina kwenye kopo la bati nililoandika SUMU kwa rangi nyekundu, na ufunguo wa kabati nautembeza mfukoni. Dukani bado hupangwa rafu moja na maji ya chupa.