Ganda la ufunguo wa kukunja kwa Toyota: tazama bawaba kabla ya rangi

Ukipita Kisekka Market, Kampala, utakuta meza za wauza spea ndogondogo zimepangwa maganda ya funguo za kukunja, yaani vichwa vya plastiki ambavyo chuma cha ufunguo hukunjwa ndani yake: meusi, ya rangi ya fedha, yenye nembo ya gari iliyobandikwa, mengine ndani ya vifuko vya nailoni pamoja na chuma kisichochongwa. Wanaoyatafuta ni wenye Premio, Wish, Fielder, Spacio na Noah kutoka Japani, magari ambayo mara nyingi huja na ufunguo mmoja tu: rimoti ya vitufe viwili, raba imetoboka, plastiki imepasuka penye tundu la pete, na chuma kirefu kinachotoboa mfuko wa suruali. Ganda la kukunja linatibu hayo yote kwa mara moja. Tathmini hii ni ya aina hiyo, ganda tupu la vitufe viwili lisilo na jina la kiwanda, lenye chuma cha meno ya ukingoni ambacho wachonga funguo wanakijua kwa namba TOY43.

Linafaa, na kwa gari lenye ufunguo uliochakaa ni matengenezo yanayolipa haraka. Ila maganda haya hayalingani hata kidogo, na tofauti haiko kwenye rangi wala nembo. Iko kwenye bawaba. Ufunguo wa kawaida una chuma kilichozikwa ndani ya plastiki, kwa hiyo nguvu ya mkono inaingia moja kwa moja kwenye swichi ya kuwashia. Kwenye ufunguo wa kukunja, nguvu yote hiyo inapita kwenye kipini cha milimita 1.6 au 2 na kwenye kijino kidogo kinachozuia chuma kisirudi. Bawaba mbovu haina dawa, hata fundi awe hodari kiasi gani.

Kwa hiyo lipime pale pale mezani kabla ya kupatana bei. Bonyeza kitufe cha kufyatulia: chuma kiruke chenyewe hadi mwisho na ulisikie “tak” moja kavu, si kusita njiani na kungoja kusukumwa kwa kidole. Kisha shika ganda kwa mkono mmoja, bana ncha ya chuma kwa vidole viwili vya mkono mwingine, tikisa juu na chini, kisha kushoto na kulia. Ncha ikicheza zaidi ya milimita moja, lirudishe. Tazama pia kipini kwenye shingo ya chuma: kiwe kimezama sawasawa pande zote mbili. Kikichomoza upande mmoja, hakikugongwa vizuri, na siku moja kitaanguka na chuma kitabaki ndani ya mlango. Mwisho kunja chuma, gongesha ganda kwenye kiganja mara tano au sita. Likifunguka lenyewe, litafunguka mfukoni.

Chunguza na mfereji wa chuma chenyewe. Kuna vyuma vinavyofanana kabisa kwa jicho lakini mfereji uko upande wa pili, kama taswira kwenye kioo. Weka ufunguo wako juu ya kile kipya, ncha zote zikitazama upande mmoja, ulinganishe mfereji, unene na urefu. Ukikosea hapa, chuma hakitaingia kabisa, na muuzaji hatapokea kilichokwisha kuchongwa.

Sasa jambo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote: watu huchanganya rimoti na chipu. Rimoti ni sakiti yenye betri, kazi yake kufunga na kufungua milango. Chipu ni kitu kingine kabisa, kijitofali cheusi cha takriban milimita 12 kwa 6 kwa 3, hakina betri, hakina waya. Kinapata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka swichi ya kuwashia, kisha kinajibu kwa namba yake, na hapo ndipo kompyuta ya gari inaruhusu injini kuwaka. Fundi mwenye haraka huhamisha sakiti, hufunga ganda jipya, hujaribu milango, hupokea pesa. Chipu imebaki ndani ya plastiki ya zamani iliyotupwa kwenye ndoo. Mwenye gari anakuja kugundua anapotaka kuondoka: stata inapiga, injini haishiki, na taa nyekundu ya usalama kwenye dashibodi inamweka bila kukoma.

Si kila gari lina chipu. Magari mengi ya soko la ndani la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayana, na ndiyo maana fundi mmoja atakuapia kwamba hajawahi kuhamisha chipu na wateja wake wote wako barabarani. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipozuia kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, yanayoingia ni mapya kidogo na uwezekano wa kukuta chipu ni mkubwa zaidi. Kipimo chake ni rahisi. Funga kichwa chote cha plastiki cha ufunguo kwa karatasi ya aluminiamu ya kufunikia chakula, mizunguko mitatu au minne, uache chuma peke yake nje, kisha washa gari. Injini ikiwaka na kuendelea kunguruma, hakuna chipu. Isipowaka, ipo, na lazima ihame. Kwenye baadhi ya funguo za Toyota utaona herufi G au H imegongwa shingoni mwa chuma. Hiyo ni alama ya aina ya chipu. Chuma kipya hakitakuwa nayo, kwa hiyo iandike mahali au ikwaruze ndani ya ganda jipya, maana atakayekutengenezea ufunguo wa akiba baadaye ataiulizia.

Kuchonga kuje kabla ya kufungua chochote. Hapa wengi wanapindua mpangilio, wanabomoa ufunguo mzima kwanza, halafu chuma kipya kikikataa hawana cha kurudia. Chonga chuma kipya kwa kunakili ufunguo ambao haujatumika sana. Kama kuna wa akiba uliolala kabatini, tumia huo. Ufunguo wa miaka kumi na tano una meno yaliyolika, na mashine ya kunakili hunakili mliko pia, inauongezea na kosa lake yenyewe. Mchonga funguo mzoefu anaweza kusoma vina vya meno na kuvirudisha kwenye vipimo vya kiwandani badala ya kunakili tu. Huyo ni wa kulipwa zaidi bila kinyongo. Mwangalie pia anavyofunga vyuma viwili kwenye mashine. Bega la chuma cha kukunja, yaani ukingo unaokisimamisha kinapoingizwa, mara nyingi haliko mahali pamoja na la ufunguo wa zamani, na kikisogea nusu milimita tu, meno yote yanakuwa mahali pasipo pake: mlango unaweza kufunguka lakini swichi ikakataa kuzunguka. Akipima kwanza urefu wa vyuma vyote viwili, ujue anajua kazi.

Baada ya kuchonga, vinyuzi vya chuma vitolewe kwa brashi ya waya. Usipake girisi wala oili. Vumbi letu la marram likikutana na oili ndani ya silinda ya kitasa linakuwa matope. Sugua meno kwa penseli nyeusi, inatosha. Kisha jaribu chuma kipya peke yake: kila mlango wenye kitasa, buti, halafu swichi. Kama gari lina chipu, ingiza chuma kipya kwenye swichi na mkono wa pili ushike kichwa cha ufunguo wa zamani kikigusana na ukingo wa swichi. Koili itasoma chipu ya zamani na injini itawaka. Umeshathibitisha meno bila kuhatarisha kitu.

Hapo ndipo bisibisi inapoingia. Bisibisi za mafundi simu ndizo zinazofaa, ya nyota ndogo kwa skrubu ya mgongoni na bapa nyembamba kwa kupanua mshono. Sakiti ya rimoti hizi mara nyingi imo ndani ya kidonge chake cha plastiki. Baadhi ya maganda ya kukunja hupokea kidonge kizima, mengine hutaka sakiti iliyovuliwa. Uliza hilo kabla ya kununua, maana nafasi hazibadilishani. Ishike sakiti pembeni, usiguse shaba ya betri kwa vidole vyenye jasho.

Chipu ndiyo inayotaka subira. Kwenye funguo nyingi imekaa kwenye kijumba chake karibu na chuma, wakati mwingine imezibwa kwa gundi au plastiki. Usiikwangue kwa ncha ya kisu. Pasha plastiki kwa mashine ya kukaushia nywele dakika moja au mbili hadi ilainike, kisha kata plastiki kuizunguka, mbali kidogo nayo, uitoe na mabaki yake. Chipu za zamani ni dhaifu. Ikipata ufa hata mdogo imekufa, na hapo ndipo gharama halisi inapoanza, kwa sababu mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari. Ndani ya ganda jipya iweke kwenye kijumba kilichotengwa, upande wa mbele karibu na bawaba. Koili inasoma kwa umbali wa sentimita chache tu, kwa hiyo chipu iliyosukumwa nyuma ya betri itasomeka leo na kugoma kesho. Ishikize kwa tone la silikoni. Gundi kali ya haraka tunaikataa: haibanduki tena, na moshi wake unaacha ukungu mweupe hadi kwenye migusano ya sakiti.

Springi ndiyo inayotoa jasho kidogo. Ncha yake moja inaingia kwenye tundu la kitufe cha kufyatulia, nyingine kwenye ganda. Kabla ya kufunga, zungusha kitufe kati ya mzunguko mmoja na mmoja na nusu kukaza springi, ukielekea upande ambao itakisukuma chuma nje. Pungufu ya hapo chuma kinafunguka nusu. Kupita hapo springi inajikunja vibaya au inavunja kijino cha plastiki. Fanya hivyo ukiwa umefunika kwa kitambaa, kwani springi ikiruka kwenye sakafu ya karakana huioni tena. Kipini kigongwe kwa msumari butu huku shingo ikiwa imeshikwa kwenye jiliwa lenye mbao au kitambaa, isikwaruzike.

Betri: soma namba kwenye ile iliyotoka. CR2016 na CR2032 zina kipenyo kimoja, milimita 20, ila ya kwanza ina unene wa milimita 1.6 na ya pili 3.2. Kuna wanaolazimisha ile nene wakidhani itadumu zaidi. Ganda halifungi sawasawa, linasukuma sakiti, na kitufe kimoja kinabaki kimebonyezwa muda wote hadi betri inakufa ndani ya siku chache. Vitufe vya raba navyo viangaliwe: pua ya ndani ikae katikati ya swichi ndogo ya sakiti. Ikiwa pembeni, utabonyeza mpaka kucha iume.

Kwa upande wa udhaifu, rangi ya fedha kwenye maganda mengi hubanduka kwenye kingo, na nembo iliyobandikwa huanguka mapema. Hayo ni madogo. Kubwa ni uzito: bunda la funguo za nyumba, duka na kufuli la geti likining’inia kwenye ufunguo wa kukunja linatikisa bawaba kila unapopita shimo, na kipini kinalegea. Tenganisha pete. Mvua pia inaingia kwa urahisi zaidi kupitia pengo la bawaba kuliko kwenye ufunguo wa kawaida, hivyo si wa kuachwa kwenye mfuko wa mbele wa koti ukipanda boda.

Kwa bei, omba itajwe katika vipande vitatu: ganda na chuma chake, kuchonga, na kuhamisha. Akikutajia bei moja ya jumla huwezi kulinganisha na meza ya pili. Na akikwambia, “Ssebo (bwana), huu lazima uingizwe programu upya,” mjibu kwamba sakiti ni ile ile na chipu ni ile ile. Gari halijui kama plastiki imebadilika. Simama hapo hapo hadi kazi iishe. Ufunguo wenye chipu uliopotea machoni pako kwa nusu saa ni ufunguo ambao ungeweza kunakiliwa.

Wenye magari ya kubonyeza kitufe ili kuwasha, ganda hili si lenu. Wenye funguo za mfereji wa katikati ya chuma, tafuteni ganda la chuma hicho na mchongaji mwenye mashine yake, maana ile ya meno ya ukingoni haiwezi. Subaru na Nissan zina maganda yao, na chuma cha moja hakiingii kwenye nyingine.

Plastiki ya zamani pamoja na chuma chake vitie kwenye bahasha, uviweke nyumbani. Siku kipini kitakapokatika, chuma kile bado kinafungua mlango, na ukishikilia chipu kando ya swichi, gari litakufikisha kwa fundi.