Ufilipino: demokrasia yake na Ukatoliki wake

Ufilipino hujinadi kwa mambo mawili: demokrasia, na Ukatoliki unaofuatwa na karibu watu wanane katika kila kumi. Kuhusu demokrasia, Katiba ya mwaka 1987 inakataza koo za kisiasa kurithishana madaraka, lakini inaliachia Bunge kutunga sheria ya kulifafanua katazo hilo, na Bunge lililojaa watu wa koo hizo hizo halijaitunga hadi leo.

Kwenye imani jambo ni zito zaidi. Rodrigo Duterte, aliyemtukana Papa hadharani na kuahidi kuwaua wauza dawa za kulevya, alishinda urais mwaka 2016 kwa kura za waumini, na polisi wenyewe walikiri kuua zaidi ya watu 6,000 katika operesheni zao. Agosti 2017, mjini Caloocan, kamera ya mtaani iliwanasa polisi wakimkokota kijana wa miaka 17, ambaye baadaye alikutwa ameuawa kwa risasi. Je, hao walioshangilia Jumatatu walisali nini Jumapili? Hata hivyo, askofu wa Caloocan, Pablo Virgilio David, alizipokea familia za waliouawa, na polisi wakamtuhumu kwa uchochezi mwaka 2019, tuhuma zilizofutwa mwaka uliofuata. Kwa sababu yake na wenzake, naiamini imani ya nchi hiyo kuliko Bunge lake.