Uzoefu wangu na uzamili wa magonjwa ya kuambukiza na imunolojia: uliza mradi kwanza

Alama yangu ni 4 kati ya 5. Programu niliyosoma ni ya miezi 12, ya kuhudhuria ana kwa ana: mihula miwili ya masomo, kisha mradi wa utafiti wa miezi mitatu na ushee unaozaa tasnifu. Ningeisoma tena, ila ningeichagua kwa kigezo kingine. Orodha za masomo zinakaribiana sana kutoka chuo hadi chuo. Miradi haikaribiani hata kidogo, na ndiyo inayoamua kama utatoka ukiwa na mikono inayojua kazi au na cheti tu.

Nianze na masomo kwa ufupi, kwa sababu ndiyo sehemu isiyo na matatizo. Kasi ni kubwa. Wiki za mwanzo zinapita kinga ya asili (komplimenti, neutrofili, makrofaji, vipokezi vinavyotambua vimelea), na kufikia wiki ya nne mhadhiri anazungumza kana kwamba kila mtu anajua kinga mahususi. Waliotoka udaktari au uuguzi hukwama kwenye molekuli, waliotoka biokemia hukwama kwenye ugonjwa wenyewe. Mambo matatu ukiyajua vizuri kabla ya kufika, utapumua: njia mbili za MHC, molekuli zinazoonyesha vipande vya protini juu ya seli (daraja la I huonyesha vipande vya protini kutoka ndani ya seli kwa seli T za CD8, daraja la II huonyesha vile vilivyomezwa kutoka nje kwa CD4), jinsi seli B inavyobadili aina ya kingamwili na kuiongezea nguvu ya kushika, na saitokini (protini ambazo seli za kinga hutumia kuwasiliana) za kila kundi la seli T saidizi, yaani interferoni gama kwa Th1, IL-4, IL-5 na IL-13 kwa Th2, IL-17 kwa Th17.

Panapong'aa ni pale imunolojia inapokutana na ugonjwa. Chukua kifua kikuu. BCG, chanjo yake, ilianza kutolewa kwa binadamu mwaka 1921. Inawakinga vizuri watoto wadogo dhidi ya aina kali kama homa ya uti wa mgongo ya TB, lakini kinga yake dhidi ya TB ya mapafu kwa watu wazima inayumba sana. Watu wenye hitilafu ya kuzaliwa kwenye kipokezi cha interferoni gama huugua vibaya bakteria wa jamii hiyo, kwa hiyo saitokini hiyo lazima iwepo. Hata hivyo wingi wake kwenye damu ya aliyechanjwa haukuambii kama amekingika. Semina nzima ilikaa juu ya pengo hilo, na ndiyo semina iliyonifundisha tofauti kati ya mwitikio wa kinga na kinga yenyewe. Malaria inafundishwa kwa namna hiyohiyo: kimelea cha falciparum kina jeni za var zipatazo 60, kinabadilisha protini inayoonekana kwenye chembe nyekundu ya damu, na ndiyo maana kinga ya asili huja polepole. Chanjo ya RTS,S, iliyopendekezwa na WHO mwaka 2021, na R21 iliyofuata mwaka 2023, zinalenga hatua ya mapema zaidi, kabla kimelea hakijaingia kwenye chembe hizo.

Sasa maabara.

Kazi ya kwanza utakayofundishwa karibu popote ni kutenganisha seli nyeupe zenye kiini kimoja, zile ambazo maabara zote huziita PBMC. Damu inachanganywa nusu kwa nusu na PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli), inamwagwa taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito chenye msongamano wa gramu 1.077 kwa mililita, halafu inazungushwa kwenye sentrifuji kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 30. Itifaki (maelekezo ya kazi) inaandika "bila breki" kwa herufi ndogo, na hapo ndipo vikundi vingi vya wanafunzi vinapoteza sampuli: breki ikikamata, ule utando mweupe uliojitenga unavurugika na kuchanganyika na vilivyo chini yake. Kosa la pili ni kutumia Ficoll iliyotoka kwenye friji. Iache ifike joto la chumba, la sivyo utengano unakuwa mbaya na chembe nyekundu zinabaki kwenye utando. La tatu halionekani kwa macho: damu iliyokaa zaidi ya saa 24 tangu itolewe. Granulosaiti (kundi jingine la seli nyeupe) zinaanza kushuka vibaya na kujichanganya na PBMC, na seli T zinaitikia kidogo. Ukiona matokeo dhaifu kwa wagonjwa na mazuri kwa watu wazima wenye afya, angalia kwanza nani alitolewa damu mbali na maabara kabla hujaandika lolote kuhusu ugonjwa.

Hesabu ya seli inapaswa kufanywa kabla ya mradi kuidhinishwa, na programu niliyosoma haikuisisitiza vya kutosha. Mililita 1 ya damu hutoa wastani wa PBMC milioni 1 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Mililita 20 zitakupa kama milioni 20. Kipimo cha ELISpot, kinachohesabu seli zinazotoa saitokini fulani, kinakula seli 200,000 kwa kishimo. Hali sita za kichocheo, kila moja vishimo vitatu, ni milioni 3.6. Flosaitometria (mashine inayosoma seli moja moja kwa rangi zinazong'aa) ya seli milioni 1 kwa mrija, mirija sita, ni milioni 6 nyingine. Tayari umefika 9.6, na hujatoa zile zitakazokufa wakati wa kugandisha na kuyeyusha. Pendekezo lenye vipimo vitano kwa mililita 10 za damu ya mtoto haliwezekani, hata liandikwe vizuri namna gani.

Kwenye kugandisha, kanuni ni polepole kushuka na haraka kupanda. Seli huwekwa kwenye seramu yenye asilimia 10 ya DMSO, kemikali inayozikinga na barafu, hushushwa nyuzi 1 kwa dakika hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha huhamishiwa kwenye naitrojeni kimiminika. Kuyeyusha ni kwenye maji ya nyuzi 37 hadi kibaki kipande kidogo tu cha barafu, halafu zioshwe mara moja kwa sababu DMSO kwenye joto la chumba inaua. Zipumzishe usiku mmoja kabla ya kuzichochea. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa inarefusha kazi kwa siku nzima, kisha wanashangaa kwa nini hata kontroli chanya (kichocheo ambacho lazima seli ziitikie) haikuitika.

Flosaitometria ndiyo sehemu niliyoithamini kuliko zote na ndiyo iliyopewa muda mchache kuliko zote: siku mbili za mafunzo, moja ikiwa ya kutazama tu. Kabla ya kuigusa mashine, hakikisha unaelewa mambo haya. Kila rangi inavuja mwanga wake kwenye dirisha la rangi jirani, kwa hiyo unahitaji mrija wa kila rangi peke yake ili kusahihisha uvujaji huo. Unahitaji pia mrija wenye rangi zote isipokuwa moja, unaoitwa FMO, ili ujue mpaka wa geti (eneo la grafu lenye seli unazozihesabu) uuchore wapi. Rangi ya kutambua seli zilizokufa si ya hiari, maana seli iliyokufa hunasa kingamwili ovyo na inaonekana chanya kwa kila kitu. Na kila kingamwili kipimwe kwanza kwa viwango kadhaa; kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji mara nyingi ni kikubwa mno, kinapandisha kelele ya nyuma na kula bajeti. Kumbuka pia idadi: kama seli unazozitafuta ni asilimia 0.05 ya CD4, ukikusanya CD4 100,000 utapata 50 tu. Kutangaza tofauti kati ya makundi mawili kwa nukta 50 kunahitaji uangalifu mkubwa.

ELISA, kipimo cha kiasi cha kingamwili au protini nyingine kwenye sampuli, inaonekana rahisi na ndiyo maana inadanganya. Vishimo vya pembeni mwa sahani ya vishimo 96 hupata joto mapema kuliko vya katikati. Ukiitoa sahani kwenye friji na kuijaza papo hapo, pembeni patasoma tofauti. Fanya jaribio dogo la kuzimua kwanza, tuseme 1:100, 1:400 na 1:1600, kwa sampuli chache, uone ipi inaangukia kwenye sehemu iliyonyooka ya grafu ya viwango (ile inayochorwa kwa sampuli za kiasi kinachojulikana). Na tafadhali, usiweke wagonjwa wote kwenye sahani moja na watu wenye afya kwenye nyingine. Tofauti utakayoipata inaweza kuwa ya sahani, na hakuna takwimu itakayokuokoa baadaye.

PCR, njia ya kunakili DNA ili ipimike, ilifundishwa vizuri: chumba cha kuchanganya vitendanishi mbali na chumba cha sampuli, mwendo wa upande mmoja, kontroli isiyo na kiolezo (DNA ya kunakiliwa) kila mara. Mteremko wa grafu ya viwango ukiwa karibu na −3.32, ufanisi ni asilimia 100. Kati ya −3.6 na −3.1 unakubalika.

Takwimu zilifundishwa kwa R, programu ya kompyuta ya takwimu, na hapa natoa sifa bila kusita. Somo lililonisaidia zaidi lilikuwa la ukubwa wa sampuli. Ili kuona tofauti ya mkengeuko sanifu mmoja kati ya makundi mawili, kwa nguvu ya asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti ikiwepo) na kiwango cha 0.05 (nafasi ya kuiona isipokuwepo), unahitaji watu 17 kila kundi. Tofauti ikiwa nusu ya hapo, unahitaji 64. Miradi mingi ya uzamili ina watu 10 au 12 kila kundi, kwa hiyo "hakuna tofauti" kwenye tasnifu hizo haimaanishi hakuna tofauti. Upande wa pili, ukipima saitokini 30 kwa mpigo na kutumia 0.05 kwa kila moja, tegemea moja au mbili kujitokeza kwa bahati tu. Andika mapema ni ipi unayoichunguza hasa, kabla hujaona data.

Nilipokata alama moja ni kwenye maandalizi ya mradi. Kibali cha maadili kinaweza kuchukua miezi, na mradi wote ni miezi mitatu na ushee. Mwanafunzi anayeanza kuomba kibali siku ya kwanza ya mradi hatakusanya sampuli. Wenzetu kadhaa waliishia kubadilishiwa mada wakafanya mapitio ya machapisho. Si kazi ya kudharau, lakini si walichokuja kujifunza. Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, mwandikie mratibu wa programu umuulize: sampuli za miradi ziko tayari kwenye jokofu au zitakusanywa? Kibali kilichopo kinawahusu wanafunzi wa uzamili? Mashine ya flosaitometria ina foleni ya siku ngapi, na mwanafunzi anaruhusiwa kuiendesha mwenyewe au fundi ndiye anayeiendesha? Nani atakayekuwa nawe mezani kila siku, maana msimamizi mwenyewe mara nyingi yuko vikaoni? Kama kazi inahusu bakteria hai wa kifua kikuu, inahitaji maabara ya usalama wa kibayolojia ngazi ya 3, na mafunzo ya kuingia humo huchukua wiki ambazo mradi mfupi hauna. Omba vimelea vilivyouawa au antijeni zake tu. Ukijibiwa kwa maneno ya jumla jumla, lichukue hilo kuwa jibu.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyelisema mapema: kushika damu ya binadamu kunataka uwe umechanjwa homa ya ini B. Dozi za kawaida ni tatu, mwezi 0, mwezi 1 na mwezi 6, na kingamwili hupimwa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Kiwango kinachotakiwa ni mIU 10 kwa mililita au zaidi. Ratiba hiyo inafika miezi saba au minane. Ukianza siku ya kujiandikisha utakuwa tayari mradi unapoanza, ukichelewa muhula mmoja utakaa nje ya maabara. Anza hata kabla barua ya kukubaliwa haijafika.

Inamfaa nani? Anayetaka kuendelea na uzamivu, anayefanya kazi kwenye majaribio ya chanjo, fundi sanifu wa maabara anayetaka kuelewa kwa nini itifaki imeandikwa hivyo. Kwa anayetaka epidemiolojia na udhibiti wa milipuko, uzamili wa afya ya umma utamfaa zaidi. Humu milipuko ilipewa wiki mbili tu.